Kiapo Alichokikataa Mwalimu

Mtaani walimwita Mama Muhuri. Yeye alijua, na wala hakununa. Kibao cha mlangoni kilisema wakili na kamishna wa viapo, lakini nani ana muda wa kusoma kibao? Watu walipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, wakafika wakihema na kuuliza, "Ni hapa wanapogonga?" Naam, ndipo hapo. Kwa miaka ishirini na moja mama huyu alikuwa amegonga hati za viwanja, vyeti vya shule, wosia, viapo vya vitambulisho vilivyopotea, na siku moja aliletewa barua ya bwana mmoja aliyetaka kumwonya jirani yake kuhusu jogoo. Jogoo, jamani! Akamweleza kwamba barua ya namna hiyo haihitaji muhuri. Yule bwana akasema anajua sana, ila jirani mwenyewe haogopi barua isiyo na muhuri.

Ofisi yake haikuwa na makuu. Meza moja yenye droo inayogoma kufunguka siku za mvua, na ndani ya droo Biblia, Msahafu, na kadi ya maneno kwa wale wasiotaka kuapa kwa kitabu. Juu ya meza kidau cha wino, muhuri wa mpira, na ule wa chuma unaobana karatasi mpaka maandishi yanavimba. Wateja waliupenda huo wa chuma kupita kiasi. Nje kwenye ujia kulikuwa na benchi lenye mguu mmoja mfupi, hivyo waliokalia ncha zake mbili ilibidi wapatane kwanza kabla mmoja wao hajainuka.

Mtu angedhani kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kugonga. Wapi! Kazi yake ilikuwa kukataa. Anakuja kijana na nakala ya cheti bila cheti chenyewe: "Kiko nyumbani, mama, lakini ni hiki hiki, haki ya Mungu." Arudi nyumbani akakilete. Anakuja dada mmoja kasimama imara, anataka kusaini kwa niaba ya pacha wake aliye safarini. "Tunafanana, mama. Hata mumewe huwa anatuchanganya." Mama Muhuri akamtazama juu ya miwani, akamwambia kwamba hiyo ni kesi nyingine kabisa na aitafutie wakili mwingine.

Halafu kulikuwa na sheria yake kubwa, iliyowachosha watu kuliko zote: kila anayeapa lazima asome karatasi yake kwa sauti, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Asiyejua kusoma, atasomewa na karani, naye atarudia. Ukisoma kimoyomoyo hukusoma. Watu walilalamika, wakatazama saa, wakapiga miayo ya makusudi. Yeye alikunja mikono akasubiri.

Aliyesababisha sheria hiyo ni karani. Karani wake alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, nadhifu, shati limenyooshwa mpaka linakata, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuwahi kuandika kitu kuanzia mwanzo. Alichukua kiapo cha wiki iliyopita, akafuta jina la fulani, akaweka la fulani, akachapa, basi. Ndivyo ilivyotokea kwamba askari mmoja mstaafu, mzee wa masharubu, aliapa mbele ya Mungu na sheria kuwa yeye ni mjane wa miaka ishirini na sita anayemlea mwanawe mchanga ambaye bado ananyonya. Akaapa, akasaini, akagongewa. Kule ofisi ya ardhi walimwita mwenzao wa chumba cha pili aje asome, naye akamwita wa chumba cha tatu. Mzee akarudi akapanda ngazi zote zile. Hakufoka. Aliiweka karatasi mezani akauliza, "Sasa mama, nimnyonyeshe vipi?"

Karani alicheka mpaka akakosa pa kushika. Mama Muhuri hakucheka. Muhuri ule ulikuwa wake, na jina lililokuwa chini ya muhuri lilikuwa lake. Kuanzia kesho yake watu wakaanza kusoma kwa sauti.

Basi Alhamisi moja, saa tatu na nusu asubuhi, wakaingia mtu na mkewe. Mume alikuwa fundi redio, mrefu, mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Alikuwa amepumzika mara tatu kwenye ngazi, na mke alikuwa amepumzika naye mara zote tatu huku akimwambia aache haraka. Mke mwenyewe alikuwa mfupi wa kujaa, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na pembeni ya mkoba wake alikuwa amechomeka kalamu nyekundu kana kwamba bado anasubiri madaftari.

"Nakaa wapi?" akauliza fundi.

"Penye kiti," akajibu mkewe. Kisha akamgeukia Mama Muhuri, akaeleza shida yao kwa ufupi na kwa mpangilio, maana alikuwa amefundisha miaka thelathini na minne.

Kesho asubuhi mumewe anapasuliwa moyo. Kuna mlango mmoja ndani ya moyo wake haufungi sawasawa. Hospitali inataka mke wa halali amsainie, na ithibitishwe kwa karatasi kuwa ni mke. Sasa cheti cha ndoa hawana, wala hawajawahi kuwa nacho. Walioana mbele ya wazazi wa pande zote mbili, na kila mwaka wakasema mwaka huu tutakwenda kuandikisha. Hawakujaliwa mtoto. Ndugu wa fundi waliobaki ni wale wa kuonana msibani. Dirisha la hospitali linafungwa saa sita kamili, na karatasi isipofika, nafasi ya kesho anapewa mgonjwa mwingine, wao warudi kwenye foleni ya miezi mitano.

"Na daktari amesema miezi mitano hana," akamalizia. Alilisema hilo kwa sauti ile ile, ila alikuwa ameushika mkono wa kiti cha mumewe.

"Kiapo cha ndoa," Mama Muhuri akamwambia karani. "Sasa hivi."

Karani akakimbilia kompyuta. Baada ya dakika tisa karatasi mbili zikatoka kwenye printa, ya pili ikiwa imefifia kwa sababu wino ulikuwa unakata roho. Fundi akaomba kalamu. Angeweza kusaini hata karatasi tupu, mtu yule.

"Husaini kitu hapa kabla hakijasomwa," Mama Muhuri akasema. "Mwalimu, kwa sauti tafadhali."

Mwalimu akasimama kusoma, kwa mazoea tu. Alisoma vizuri, kila neno mahali pake. Akapita majina, akapita miaka, akafika aya ya tatu.

"Kwamba tumeishi pamoja kama mume na mke kwa miaka thelathini na mmoja, kwa upendo na maelewano." Akarudia chini chini, "Na maelewano."

Akachomoa kalamu nyekundu.

"Mwalimu!" karani akapiga kelele, lakini alichelewa. Alama ya kosa ilishakaa.

"Upendo nimeuwekea vema," mwalimu akasema. "Maelewano siapi."

Fundi akageuka na kiti chake. "Wee mama, hatuelewani tangu lini?"

"Tangu lini tulielewana? Taja siku."

Fundi akafungua mdomo. Akaangalia dari, akitafuta. Mama Muhuri aliona vidole vyake vikihesabu kwenye goti, vikakwama. Karani akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

"Hayo ni maneno ya kawaida ya hati," Mama Muhuri akasema. "Tutayatoa. Endelea."

"Kwamba katika kipindi chote hicho tumeshirikiana katika kila jambo la nyumbani." Kalamu ikapanda tena. "Eti tumeshirikiana! Kabati langu la vitabu aliliuza nikiwa kazini, akanunua redio mbovu ishirini na tatu."

"Kumi na tisa," fundi akasema.

"Ziko sebuleni, mama. Mpaka leo. Mgeni akija anakaa katikati ya redio."

"Mbili zinaongea."

"Moja inaongea. Ile nyingine inakoroma." Akaweka alama ya kosa, kubwa, ya mwanafunzi mtoro.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika ishirini. Karani alifuta ushirikiano, akafuta maelewano, akachapa upya. Printa ikatoa ukurasa mweupe pe. Akaitikisa. Akaipiga kofi. Ikatoa mwingine mweupe zaidi. Wino umekwisha, akatangaza, na duka la wino liko mtaa wa nne, na mwenye duka hafungui kabla ya saa tano, tena akipenda.

Lo! Mama Muhuri akachukua ile nakala ya kwanza yenye wekundu, akamwomba mwalimu aimalize kusoma, ili angalau wajue yote yenye matatizo kwa pamoja. Mwalimu akasoma aya ya tano.

"Kwamba tumeishi pamoja mfululizo, bila kutengana hata siku moja."

Safari hii hakuinua kalamu. Alisimama tu na karatasi mkononi. Chini dukani kulisikika mtu akilipiga godoro makofi kulijaribu. Fundi alikuwa ghafla ameanza kushughulikia kifungo chake cha shati.

"Hii nayo siwezi," akasema mwalimu.

Karani akamnong'oneza bosi wake, "Mama, saa tano kasorobo. Mwambie asaini tu. Nani atakwenda kuchunguza?"

Na hapa nisimtetee Mama Muhuri. Alikaribia. Alimtazama yule fundi na midomo yake iliyopauka, akafikiria dirisha la hospitali, na maneno yakamfika ncha ya ulimi: mwalimu, haya ni maneno ya karatasi tu, saini uende zako. Mwanamke aliyewatesa watu wa mji mzima kwa miaka kadhaa, akiwaambia kwamba haya si maneno ya karatasi tu! Akaona aibu, akayameza.

"Kwa nini huwezi?" akauliza badala yake.

Mwalimu akamgeukia, na macho yalikuwa yameiva. "Mama, kesho huyu wanamfungua kifua. Kifua, siyo kidole. Mimi usiku kucha namwomba Mungu. Halafu leo nikishike kitabu chake nimdanganye usoni, kesho nimwambie nini? Nitaanzia wapi? Siapi uongo. Hata mdogo. Hata akinikasirikia."

"Sijakasirika," fundi akasema. "Lakini hatujatengana, mke wangu. Ile miezi minne ulikwenda kumwuguza dada yako."

"Dada yangu hakuwa mgonjwa."

"Alikuwa na mgongo."

"Kila mtu ana mgongo!" Mwalimu akakaa kitako, karatasi mapajani. "Nilikuacha, baba. Mwaka wa kumi na mbili wa ndoa yetu. Nilifunga sanduku nikaondoka, na sikuwa na nia ya kurudi. Umewaambia watu wote nilikwenda kuuguza, na mimi nikakuachia useme, kwa sababu nilikuonea huruma. Lakini wewe mwenyewe ukaamini, jamani."

Karani hakucheka tena. Alikuwa amesimama na katriji tupu ya wino mkononi, hajui aiweke wapi.

Fundi akavuta pumzi, nayo ikachukua muda. "Sikuamini," akasema. "Wiki ya pili tu nilimwona dada yako sokoni. Kabeba gunia la mkaa kichwani, anakimbizana na mwizi."

Mwalimu akamkodolea macho. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka kumi na tisa! Na hukuniuliza?"

"Ningeuliza nini? Umesharudi, unapika, unagomba. Nikaogopa nikiuliza utakumbuka kwamba ulikuwa umeondoka."

Mama Muhuri alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akavuta droo kwa mikono miwili, akatoa karatasi nyeupe safi, akaisukuma mbele ya mwalimu.

"Mwandiko wako unasomeka?"

"Mwandiko wangu?" mwalimu akasema, akiwa karibu kukasirika.

"Sheria haijasema lazima kiapo kichapwe. Andika wewe. Kalamu ya bluu, hiyo nyekundu nipe mimi. Yote yawe ya kweli, nami nitakuongoza mpangilio."

"Ya kweli yote?" fundi akauliza, kwa hofu.

"Redio tutaziacha," Mama Muhuri akamwahidi.

Ikawa mbio. Mwalimu akaandika kwa ule mwandiko wa ubaoni, herufi za mviringo zisizo na haraka, na kadiri Mama Muhuri alivyomhimiza ndivyo zilivyozidi kuwa nzuri. Majina. Miaka. Wazazi waliokuwepo. Kwamba wameishi nyumba moja kwa miaka thelathini na mmoja, kasoro miezi minne. Karani, ambaye hajawahi maishani mwake kuona kiapo kikizaliwa kutoka kwenye karatasi tupu, alichungulia juu ya bega la mwalimu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema jambo la maana.

"Hapo pa kurudi, mama, paongezwe yale maneno. Hospitali wasije wakasema alilazimishwa."

Kweli. Mama Muhuri akamtajia mwalimu maneno hayo pole pole, naye akayaandika. Yalikuwa maneno ya kila siku. Mama Muhuri alikuwa ameyasikia yakisomwa mbele yake mara nyingi hata masikio yalikuwa hayayapokei tena. Akatazama saa: tano na dakika tano. Akatoa kitabu.

"Soma kwa sauti, mwalimu. Yote."

Mwalimu akasimama. Akasoma, na safari hii hakukwama popote, hata alipofika pabaya. "Kwamba katika mwaka wa kumi na mbili wa ndoa yetu nilimwacha mume wangu kwa hasira, nikakaa kwa dada yangu miezi minne. Kwamba nilirudi kwake kwa hiari yangu mwenyewe, bila kulazimishwa, kutishwa wala kushawishiwa na mtu yeyote."

"Hapo," fundi akasema. "Rudia hapo."

"Tunachelewa, baba."

"Rudia."

Mwalimu akarudia. Fundi alikuwa ameinuka bila kusaidiwa, amejishika kwenye ukingo wa meza.

"Hata baba yako?"

"Baba yangu kafanyaje?"

"Nilikwenda kwake. Sikukwambia. Nilikwenda nikampigia magoti mzee yule, nikalia kama mtoto, nikamwomba akuamuru urudi. Wiki iliyofuata ukaja na sanduku. Nikasema basi, kaamriwa. Karudi kwa heshima ya baba yake. Nikajiambia, potelea mbali, ilmradi yupo."

Mwalimu akaiteremsha karatasi.

"Miaka yote hii?" akauliza.

"Miaka yote hii."

"Baba hakuniambia neno, mume wangu. Alikuja kujua kwa barua kwamba nimerudi, mwezi mzima baadaye. Nilirudi kwa sababu nilitaka kurudi. Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nasahihisha hesabu, nikaona sitaki kukaa pale tena, nataka nyumbani kwangu. Nikafunga sanduku."

Fundi akamgeukia Mama Muhuri, si mkewe. Alimwuliza kama mtu anayemwuliza fundi mwenzake. "Hilo nalo ataliapia?"

"Ndilo analotaka kuliapia," Mama Muhuri akasema, akamsogezea mwalimu kitabu.

Mwalimu akashika kitabu, akainua mkono, akaapa. Mwanamke ambaye asubuhi nzima alikataa neno moja la maelewano, na hospitali inamsubiri, na mumewe anabishana naye! Fundi alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Halafu akashika kitabu yeye, akaapa ya kwake, machozi yanamtiririka hadi kwenye kile kifungo cha juu, wala hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa juu na mwingine juu ya kitabu. Wakasaini. Karani akashuka ngazi mbili mbili kwenda kusimamisha teksi.

Mama Muhuri akagonga, akatia saini yake na tarehe. Saa tano na robo. "Nendeni sasa. Mtafika."

Mwalimu alishafika mlangoni, mkoba kwapani. Fundi bado amesimama mezani.

"Mama," akasema, "kule chini nimeona mashine ya fotokopi. Naomba nakala moja, nayo uigonge."

"Hospitali wanachukua moja tu, mzee."

"Najua. Hiyo nyingine ni yangu."

Mama Muhuri akamtazama mwalimu, maana yeye ndiye aliyekuwa anashika saa. Mwalimu akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyezoea kusubiri wanafunzi wasiomaliza kazi kwa wakati.

"Mgongee tu, mama," akasema. "Akishapona atakuwa ananionyesha hiyo kila tukigombana."